Mama, jembe lako linakufaa?

Juma lililopita tuliahidi kuzungumza juu ya mbegu za maharagwe. Tutazungumza, lakini mbegu zingoje kidogo. Kuna jambo tuliliona shambani siku ya posho, na msimu wa kulima wa mwezi wa tisa uko karibu, kwa hiyo tuliseme sasa.

Tulikuwa wamama 11 kwenye shamba letu la pamoja. Kabla ya saa tatu asubuhi mama mmoja, mrefu kutupita sote, alisimama, akashika kiuno, akasema mgongo umekataa. Jembe lake lilikuwa na mpini mfupi uliomfika juu kidogo ya goti. Pembeni yake mama mwingine, mfupi na mwembamba, alipambana na jembe zito lenye mpini mrefu, jembe la marehemu mume wake. Mmoja wetu akawaambia kwa mzaha: badilishaneni! Wakabadilishana. Mzaha ukaishia hapo, maana wote wawili waliendelea mpaka tulipofunga kazi saa sita, na hakuna aliyelalamika tena.

Tukaegemeza majembe yote kwenye ukuta wa mawe, tukachukua sentimita ya mshonaji, tukapima. Kisha kila mmoja akaulizwa: jembe hili ulilipataje? Mmoja alirithi. Watatu walipewa kwenye mgawo wa vifaa, wote jembe la namna moja na mpini wa urefu mmoja, mrefu na mfupi sawasawa. Wawili waliazima kwa jirani. Watatu walinunua lililokuwa na bei ya chini siku ile. Wamama wawili tu kati ya 11 waliwahi kusimama mbele ya mwuzaji, wakalishika jembe, wakalijaribu na kujiuliza kama linakwenda na mwili wao.

Swali la mtoto

Hapa tulikumbuka swali la mtoto mmoja darasani kwetu. Aliona kwenye simu ya kaka yake watu wanaocheza gofu. Gofu ni ule mchezo wa mpira mdogo mweupe, unaopigwa kwa fimbo yenye kichwa cha chuma mpaka uingie kwenye tundu lililo mbali ardhini. Hapa Goma hatuuoni, lakini ng'ambo ya mpaka, Kigali, kuna uwanja wake wenye mashimo 18. Mtoto aliuliza: "Mwalimu, kwa nini yule mtu ana majembe mengi hivyo ndani ya mfuko?"

Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zuri, tukalitafutia jibu. Mchezaji wa gofu anaruhusiwa kubeba fimbo 14, hawezi kuzidisha. Nyingine ni za kupeleka mpira mbali, nyingine za kuunyanyua kutoka mahali pabaya, na moja ndogo ni ya kuusukuma polepole ukiwa karibu na tundu. Na hazinunuliwi hivihivi. Fundi humpima mchezaji urefu wake, tena hupima toka kifundo cha mkono mpaka chini, maana watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kuwa na mikono tofauti. Huangalia chuma kinagusa ardhi kwa pembe gani. Mwenye nguvu nyingi na mkono wa haraka hupewa mpini mgumu. Mwenye mkono wa taratibu hupewa mpini mwepesi unaopinda kidogo.

Hayo yote ni kwa ajili ya mchezo. Akikosea, anapoteza pointi. Sisi tunaolisha nyumba kwa chuma na mpini, tukikosea tunapoteza mgongo, na mgongo ukienda, shamba linafuata, karo ya shule inafuata. Basi tujipime na sisi. Haihitaji fundi wa Ulaya. Inahitaji macho, mkono, na kutokuwa na haraka sokoni.

Anza na udongo

Kabla ya kuchagua chuma, jiulize unalima wapi. Udongo wetu wa Kanyaruchinya umetoka kwa Nyiragongo. Sote tunakumbuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jinsi moto uliposhuka usiku ukakata barabara ya Rutshuru. Na wakubwa wanakumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, ulipopita katikati ya mji. Mahali lava mpya ilipolala bado ni jiwe tupu. Mahali pa lava ya zamani kuna udongo mweusi, mwepesi, wenye rutuba, lakini kina chake ni kidogo na mawe yako kila mahali. Unalima shimo kwa shimo, katikati ya mawe.

Wengi wetu tulijifunza kulima mahali pengine. Wamama waliofika hapa mwaka 2022 kutoka upande wa Rutshuru walizoea udongo mzito wenye kina. Huko jembe pana na zito ni rafiki: linashuka kwa uzito wake, linageuza bonge kubwa kwa mara moja. Hapa jembe lile lile linagonga jiwe, na kishindo kinapanda kwenye kifundo cha mkono, kiwiko, mpaka bega. Mama mmoja alitueleza kwamba kwa msimu mzima alidhani ana ugonjwa wa mifupa. Alipochukua jembe jembamba, maumivu ya kiwiko yalipungua kabla msimu haujaisha. Hatusemi kila maumivu yanatoka kwa jembe. Maumivu yasiyopungua ukipumzika, au yanayoshuka mguuni na kuleta ganzi, yapeleke kituo cha afya.

Kwa hiyo, kwa udongo wetu:

Jembe la kuvunja na kugeuza liwe na uso mwembamba kiasi na chuma kinene, lisilo zito kuliko unavyoweza kuliinua kwa mkono mmoja mpaka usawa wa bega bila kutetemeka.

Penye mawe mengi, jembe la meno matatu linafanya kazi vizuri zaidi. Meno yanapita kati ya mawe na kuyanyanyua, wakati uso mpana unapanda juu yake. Kwa viazi pia ni zuri, maana halikati viazi vingi.

Jembe dogo la kupalilia liwe lako tofauti. Hili ndilo kama ile fimbo ndogo ya gofu: halitaki nguvu, linataka mkono uliotulia. Wengi wetu tunapalilia maharagwe kwa jembe lile lile kubwa la kuvunja, na kila msimu tunakata mizizi ya mimea yetu wenyewe.

Sokoni, kabla ya kulipa

Mwuzaji atakuambia yote ni mazuri. Msikilize, halafu ufanye haya manne.

Kwanza, ninginiza chuma kwa kidole kupitia tundu lake, ukigonge kwa jiwe dogo au kwa ufunguo. Chuma kizima kinalia kama kengele. Kinachotoa sauti ya kufa, kama sufuria iliyopasuka, kina ufa, hata kama huuoni.

Pili, shika jembe mbele ya macho, utazame kama tundu liko katikati ya uso. Likikaa upande, jembe litakuwa linageuka mkononi kila unapogonga, na mkono wako utafanya kazi mbili: kulima na kulizuia lisigeuke.

Tatu, pitisha kidole ndani ya tundu. Kukiwa na kingo kali, zitakata mpini polepole kutoka ndani mpaka uvunjike siku usiyotarajia. Kingo hizo zinaweza kuondolewa kwa tupa, lakini kwanza zipunguze bei.

Nne, kama lina mpini, simama kama unavyosimama shambani, ulishushe polepole. Angalia ni nini kinagusa ardhi kwanza. Makali yanatakiwa kugusa kwanza, yakielekea kidogo kwako. Kama ni uso wa chuma unaolala ardhini, jembe limejifunga mno kwa kimo chako. Kama makali yanaelekea mbele, mbali nawe, limefunguka mno, litateleza. Mhunzi anaweza kurekebisha kidogo pembe ya shingo, lakini ni rahisi zaidi kuchagua lingine.

Mpini ni nusu ya jembe

Hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Tunatoa pesa kwa chuma, halafu mpini tunaokota. Mpini ndio unaogusa mwili wako toka asubuhi mpaka mchana. Chuma kinagusa udongo tu.

Urefu. Sisi tulijaribu mipini ya urefu tofauti kwenye shamba la pamoja, tukapata kipimo hiki: simamisha mpini wima karibu na mguu wako. Kwa jembe la kuvunja, ufike kitovuni au juu yake kidogo. Kwa kupalilia ukiwa umesimama, ufike kifuani. Chini ya hapo unalima umekunjwa. Lakini tuseme ukweli wote: mpini mrefu unahitaji mazoezi. Siku mbili za kwanza utakosa shabaha, hasa kati ya mawe. Mama mmoja alirudia mpini wake mfupi kwa sehemu yenye mawe mengi na kutumikisha mrefu kwingine kote. Huo ni uamuzi mzuri. Hata mchezaji wa gofu habebi fimbo moja.

Unene. Zungusha mkono kwenye mpini. Ncha za vidole zikaribie kugusa kiganja, zisiingie ndani yake. Mpini mwembamba mno unakulazimisha kukaza ngumi. Mnene mno unachosha vidole. Mkono wa mama mara nyingi ni mdogo kuliko wa baba, na mipini mingi ya sokoni imechongwa kwa mkono wa baba. Mwambie fundi apunguze, au ujipunguzie mwenyewe kwa kipande cha chupa na msasa.

Mti. Hapa kwetu mkaratusi ndio unaopatikana kwa wingi, ule ule wanaotumikisha mafundi wa chukudu. Ni mgumu na unavumilia. Chagua kijiti ambacho nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka chini mpaka juu, bila fundo. Kisha ukaushe kivulini, bila maganda, kwa majuma mengi. Usiuweke juani, utapasuka. Mpini mbichi unakaza vizuri leo, halafu unakauka, unasinyaa, na chuma kinaanza kucheza. Chuma kinachocheza siku moja kitaruka, na nyuma yako huenda kuna mtoto.

Wengine wanaloweka jembe usiku kwenye maji ili mti uvimbe. Linasaidia kwa asubuhi moja. Mti ukikauka tena, unalegea kuliko mwanzo. Dawa ni kabari nzuri ya mti mkavu, au mpini mpya.

"Anayelima amesimama ni mvivu"

Maneno haya tumeyasikia sote. Mkwe anapita, anakukuta umenyooka kidogo, anasema siku hizi wanawake hawalimi, wanapiga picha. Tunawaheshimu wakubwa wetu, lakini hapa tuwajibu kwa upole na kwa ushahidi.

Mwaka 1998 IFAD na FAO, mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia kilimo na chakula, walitoa uchunguzi juu ya vifaa vya wanawake wakulima wa Afrika, uliofanywa Burkina Faso, Senegal, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Walikuta wanawake wengi wanafanya kazi kwa majembe yaliyochakaa, na maneno kama ya mkwe wetu, kwamba mpini mrefu ni uvivu, hayakuwa mageni huko. Si kwetu tu.

Tena kuna habari ya Marekani, katika jimbo la California. Huko vibarua wa mashamba ya mboga, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walilazimishwa kutumikisha jembe la mpini mfupi sana. Wenye mashamba walisema linafanya kazi safi zaidi, na msimamizi aliweza kuona kwa mbali nani ameinama na nani amesimama. Wafanyakazi waliharibika migongo wakiwa bado vijana. Madaktari walitoa ushahidi, mawakili wa maskini wakapeleka kesi, na mwaka 1975 Mahakama Kuu ya California ikakubaliana nao. Jembe lile likapigwa marufuku. Mashamba hayakufa. Mboga ziliendelea kuota, na watu walinyooka.

Kama mahakama nzima ilikaa kuzungumzia urefu wa mpini, na sisi tunaweza kuuzungumzia mezani na mkwe bila aibu.

Watoto na wakubwa

Kama walimu, tunaona majembe kwenye madaftari. Baada ya siku ya posho, mtoto anakuja na malengelenge mikononi, herufi zinayumba, anaficha kiganja chini ya meza. Mtoto kusaidia nyumbani si kosa; sote tulilelewa hivyo. Kosa ni kumpa mtoto wa miaka 10 jembe la baba yake. Anashindwa kulizuia, linaruka kwenye jiwe, linaishia kwenye mguu. Tumeshakaa na kiti kitupu darasani majuma matatu kwa sababu hiyo.

Usitupe chuma kilichoisha nusu. Hicho ndicho jembe la mtoto: chepesi, chembamba. Kitie mpini mfupi kwa kimo chake, mwembamba kwa kiganja chake, na avae viatu vilivyofunika vidole. Akijikata, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, funga kwa kitambaa safi, umpeleke kituo cha afya, uulize kama chanjo yake ya pepopunda bado inamkinga. Usiweke udongo, majivu wala samadi juu ya kidonda.

Kwa koko zetu ni vile vile. Chuma chepesi, mpini mrefu, na kazi ya kupalilia badala ya kuvunja. Mama mwenye mimba naye asiinamishwe siku nzima. Mpini mrefu ni wa kwake kabla ya mwingine yeyote nyumbani.

Kulitunza

Mpini ukivunjika ndani ya tundu, usitupe jembe motoni ili mti uungue. Tunafanya hivyo sana, na tunaua chuma: moto unalegeza ugumu wake, kisha makali hayakai tena. Utoe mti kwa msumari na nyundo, kidogo kidogo.

Noa kwa tupa kabla ya kwenda shambani, upande mmoja, mara chache tu. Jembe butu linadai nguvu ambayo makali yangefanya bure. Ukimaliza kazi, ondoa udongo, pangusa, lilaze ndani, mbali na mvua na mbali na njia ya watoto.

Tulichokubaliana

Tupa moja ni ghali kwa mama mmoja. Kwa hiyo katika likelemba yetu tumekubaliana kwamba kila mmoja atatoa kidogo, tununue tupa mbili za chama, zitakazokaa kwa mtunza sanduku. Siku ya posho inayokuja, saa mbili asubuhi, kila mama alete jembe lake na kijiti kikavu kama anacho. Tutapimana kwa sentimita, tutakata, tutachonga, na wenye majembe yasiyowafaa watabadilishana kama wale wawili. Fundi mmoja wa chukudu, jirani yetu, amekubali kuja kutuonyesha namna ya kutia kabari. Wababa na vijana wanakaribishwa. Wao ndio mara nyingi wanaonunua jembe, na ni vizuri wajue wanamnunulia nani.

Yule mama mrefu aliondoka siku ile na jembe la mwenzake begani. Jioni alituma mtoto kuuliza kama anaweza kulala nalo mpaka siku ya posho. Mwenzake akajibu kwa mtoto yule yule: mwambie akae nalo, na langu hili sirudishi.

Juma lijalo, mbegu za maharagwe. Kazi njema, na mgongo mzima.